Kayaki Isiyolewa

Kipili,
3 Juni 2024

Marsiana,

Uliapa mbele ya kaburi la mama kwamba sauti yangu hutaki kuisikia tena mpaka mmoja wetu afukiwe. Nimekutii. Huu mwaka wa pili sijakupigia simu, na mwanao Anjela akinipigia kunisalimia, namuuliza mama yake hajambo, basi. Leo nakuandikia. Barua haina sauti.

Siandiki kuomba msamaha, wala siandiki kuomba hela. Hela ninayo. Nyavu zangu zote nimemuuzia Ngeleja, yule mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake, sasa naye anataka ziwa. Ninachokosa ni mtu wa mjini mwenye duka, anayejuana na wafanyabiashara wa Dar na asiyeibiwa kirahisi. Kwa hilo sina mwingine isipokuwa dada yangu, apende asipende.

Goti langu la kushoto halikunjiki tena tangu siku ile. Kwenye mtumbwi wetu wa gogo mtu hukaa chini au hupiga magoti. Mimi nikikaa, mguu unatangulia mbele kama mpini wa jembe, na chombo chote kinaegemea upande. Nikiweza kuvua, basi ni kwa kusimama. Kabla serikali haijalifunga ziwa ili samaki wazaliane, niliazima mtumbwi wa jirani yangu Shedrack nikajaribu kusimama ndani yake. Ulilewa, ukanimwaga mbele ya wanawake waliokuwa wanafua. Walicheka nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Sasa kuna hivi vyombo vya plastiki vinaitwa kayaki. Hoteli ya watalii hapa wanazo, na Shedrack ni mlinzi pale, akaniruhusu nizijaribu. Ile nyembamba nyekundu inakwenda mbio lakini inalewa kuliko hata gogo. Ile pana ya kijani haikulewa. Nilisimama juu yake kama nimesimama sebuleni kwangu, nikarusha mshipi, nikageuka nyuma, nikajikuna mgongo. Marsiana, nilikuwa sijasimama juu ya maji tangu mama afe.

Nitafutie ya namna hiyo. Upana usipungue inchi thelathini na nne. Tumbo lake la chini lisiwe la duara wala lenye ncha, liwe bapa, au liwe na mapaja mawili kama mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Sakafu iwe wazi, yenye kitu cha kukwaruza ili miguu isiteleze. Kiti kiwe cha kuondoka njiani. Ya zamani siikatai. Isizidi milioni mbili na laki nne, na hiyo ni pamoja na usafiri. Ziwa linafunguliwa katikati ya Agosti. Likinikuta sina chombo, nitakuwa mzee wa kuanika dagaa za watu.

Barua mpe Evans, konda wa basi la Namanyere. Atanifikishia.

Ndugu yako,
Polikarp


Sumbawanga,
9 Juni 2024

Polikarp,

Shikamoo sikupi. Nimeanza na hilo ili usije ukaitafuta kati ya mistari.

Barua yako imenikuta dukani, nimevaa makoti mawili, maana baridi ya Juni ya huku unaikumbuka, au labda huikumbuki, hukuwahi kukaa huku. Mimi ndiye niliyepelekwa Mollo kwa mama mkubwa Bertilla nikiwa sijajua hata kufunga kanga, nikalelewa na mahindi na upepo, wewe ukabaki ziwani na mama. Mama ulikuwa naye wewe miaka yote. Mimi nilipewa siku zake nne za mwisho, pale wodini, anahema kama mtu anayepanda mlima. Hizo siku nne ndizo urithi wangu, na humo ndani yake kuna neno alilonituma nikuambie. Nilikuambia siku ya mazishi, mbele ya watu, ukanikodolea macho kama nimekutukana mimi.

Nimecheka kidogo, nisikufiche. Mtumbwi ulilewa! Huko kwenu hata magogo yanakunywa? Sishangai, yamejifunza kwa wenye nayo.

Kazi unayoniomba naiweza. Nauza ndoo, madumu na matangi mwaka wa kumi na mbili huu. Plastiki nzuri na mbovu nazijua kwa kuzibonyeza tu. Watu wa Dar wananijua na wanaogopa ulimi wangu. Naweza kukutafutia kayaki yako mpaka nikaipata.

Lakini nina bei yangu, na si ya hela. Mama alisema ulikuwa umelewa siku uliyomwangusha majini. Wewe hujawahi kukiri. Uliniacha nionekane mwongo mbele ya ukoo, mwanamke anayemsingizia kaka yake kwa maneno ya marehemu. Niandikie kwa mkono wako kwamba siku ile ulikuwa umelewa. Mstari mmoja unatosha. Ukifika, siku hiyo hiyo naanza kutafuta.

Marsiana


Kipili,
14 Juni 2024

Marsiana,

Ndiyo, mitumbwi inalewa. Huku ndivyo tunavyosema. Chombo kikiwa chembamba, kikayumba, kikakosa msimamo, tunasema kimelewa. Hujui kwa sababu ulilelewa Mollo, na kama ulivyosema mwenyewe, hilo halikuwa kosa lako. Halikuwa langu pia. Nilikuwa mtoto kama wewe.

Mstari wako siwezi kuuandika, maana si kweli. Pombe niliiacha Kwaresima ya mwaka ule na sijairudia. Nikisema zaidi utasema najitetea, lakini nitasema mara moja, halafu sirudii.

Ni wewe uliyepiga simu ile jioni ukasema mama asikose basi la alfajiri, kipaimara cha Anjela ni Jumapili na bibi lazima awepo. Mama alikuwa kwake, ng'ambo ya ghuba. Boti ya injini ilikuwa imekwisha kwenda. Nikachukua mtumbwi uliokuwepo, mwembamba, wa kuvulia mtu mmoja. Mama akaketi mbele na kikapu chake cha samaki wakavu aliokuletea. Tulikuwa tumefika karibu na mawe ya mwaloni, pale pa kushukia, boti kubwa ikapita, wimbi lake likatupiga ubavuni. Kikapu kikateleza. Mama akakifuata. Basi. Mtumbwi ulipopinduka mguu wangu ulibanwa kati yake na jiwe, nikiwa nimemshika mama kwa kanga. Sikumwachia. Mpaka watu walipotutoa sikuwa nimemwachia. Yeye wakampeleka kwako Sumbawanga, mimi nikabaki nimelazwa Namanyere na mguu uliovunjika. Nilisikia amekufa kwa mdomo wa muuguzi.

Kwamba alisema nilikuwa nimelewa, hilo ndilo linaloniumiza kuliko goti. Mama alikuwa mbele yangu, uso kwa uso. Aliniona macho. Kwa nini alisema hivyo, nimejiuliza usiku na mchana sijapata jibu. Labda maji yalimwingia mpaka kichwani. Labda alikuwa na hasira zake za zamani, za miaka ile nilipokuwa nakunywa kweli. Siwezi kumbishia marehemu, na siwezi kumsaidia kusema uongo.

Hela nimemkabidhi Evans kwenye bahasha iliyofungwa. Nitafutie au usinitafutie. Usizilaze njaa hasira zako, mimi nimeshazizoea.

Polikarp


Sumbawanga,
25 Juni 2024

Polikarp,

Nimetafuta. Usinishukuru, ni ugonjwa wangu, nikiona kitu kinauzwa lazima nikijue bei.

Kuna tatu. Ya kwanza ni mpya kabisa, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na hela yako inabaki. Nikaipenda. Nikamwambia muuzaji apime upana: inchi ishirini na nane. Nikamwambia asimame ndani yake majini anitumie video. Akasema dada, hii ni ya kukaa. Nikamwambia basi kaa nayo.

Ya pili ni ya kupuliza upepo kama tairi. Pana sana, anasimama mtu na mkewe wakagombana humo na isipinduke. Nimekumbuka mawe ya mwaloni kwenu. Jiwe moja lenye ncha na kaka mtu anarudi nyumbani amebeba gamba. Hiyo nimeikataa.

Ya tatu ilikuwa ya mzungu aliyerudi kwao. Ya kijani iliyopauka. Inchi thelathini na sita, na chini ina hayo mapaja mawili uliyoyataka. Kiti chake ni cha fremu, kinainuliwa na kutolewa. Sakafu imebandikwa sponji ngumu ya kukwaruza. Ina mkanda katikati, nikauliza ni wa nini, akasema mtu anaushika kujivuta asimame. Nikamfikiria mtu mwenye goti moja. Ubavuni ina mkwaruzo mrefu lakini haukuingia ndani, nimemwambia aubonyeze kwa dole gumba mbele ya kamera, plastiki haikubonyea wala kuacha kovu. Ni nzito, hilo ndilo baya lake. Utatafuta magurudumu ya kuivutia ufukweni. Muuzaji alisimama juu yake, akarukaruka, akacheza muziki, mpumbavu yule. Haikutikisika. Nimemshusha bei mpaka imeingia kwenye hela yako, na usafiri wa lori juu.

Lakini anatusubiri mpaka tarehe tano Julai tu. Kuna mtu wa Mwanza anaitaka.

Na mimi bado nasubiri mstari wangu. Masimulizi yako nimeyasoma. Mazuri. Umeniweka na mimi humo ndani, kwamba ni simu yangu iliyomuua. Asante. Sasa andika lile lililo kweli. Halitakwenda popote, ni kwa ajili ya roho yangu mwenyewe. Nimechoka kubeba neno la mama peke yangu.

Ukikataa, bahasha yako itarudi na Evans kama ilivyokuja.

Marsiana


Kipili,
2 Julai 2024

Marsiana,

Leo asubuhi nimekwenda mwaloni. Vijana wanaziba nyufa, wanapaka lami, wanaimba. Ngeleja ameninyooshea mkono akasema, mzee Polikarp, ziwa likifunguliwa njoo uwe unanihesabia samaki, nitakupa kitoweo. Alisema kwa wema kabisa. Hakujua amenichoma.

Haya. Siku ile mama alipoanguka majini nilikuwa nimelewa.

Nunua ya kijani.

Polikarp


Sumbawanga,
30 Julai 2024

Kaka,

Umeona nimekuita kaka. Shikamoo nayo iko njiani, inakuja na lori pamoja na kayaki yako. Imeshapakiwa Dar. Nimewaambia waifunge na magodoro isije ikakwaruzwa upande wa pili, ikaonekana imepigana.

Kaka, sijui niseme nini. Mstari wako ulipofika nilikaa chini nyuma ya matangi nikalia mpaka wateja wakaondoka. Sikulia kwa ushindi. Nililia kwa sababu hatimaye tulikuwa wawili tunaolijua jambo moja.

Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mama kule Mollo. Baada ya misa tulikaa uani kwa mama mkubwa Bertilla, ukoo wote, baba mdogo Zenon akiwa amekaa mbele. Wakaanza yale yale, kwamba Marsiana na kaka yake wataoneana haya mpaka lini. Nikasimama. Nikaitoa barua yako nikaisoma. Najua nilikuambia haitakwenda popote. Lakini kaka, nilipomaliza baba mdogo akasema, "Amefanya kiume. Mtu anayejitaja mwenyewe ameshatubu nusu." Watu wakaitikia amina. Mama mkubwa akasema mwakani uje, utakaribishwa, hakuna atakayekusema. Nimekurudisha nyumbani, ndivyo ninavyoliona mimi.

Na kwa kuwa sasa hakuna ugomvi, nikupe neno la mama lenyewe, kama alivyolitamka, maana siku ya mazishi nililisema kwa hasira na kwa maneno yangu. Ilikuwa siku ya tatu. Nilimwuliza, "Mama, nimwambie nini kaka Polikarp?" Akatoa mkono nje ya blanketi. Akasema, "Mwambie Polikarp ulilewa." Akanyoosha kiganja, akakigeuza hivi na hivi, upande huu na upande huu, kama mtu anayesema ndiyo basi tena, tutafanyaje. Akarudia, "Ulilewa. Mwambie." Halafu akafumba macho. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, kaka, nataka ulijue hilo. Nadhani alikuwa ameshakusamehe. Aliyekuwa hajasamehe ni mimi.

Lori litafika Namanyere wiki ijayo. Kutoka hapo Evans atakutafutia gari la kushuka nayo Kipili.

Dada yako,
Marsiana


Kipili,
6 Agosti 2024

Marsiana,

Nani alikuambia usome?

Nimeanza vibaya, lakini sina mwanzo mwingine. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaisoma tena, nikamwita Shedrack aisome kwa sauti ili nisikie kwa mdomo wa mtu asiyejua habari zetu. Alipofika pale kwenye neno la mama aliacha kusoma mwenyewe. Akaniuliza, "Mtumbwi gani?"

Umesikia? Mtu wa ziwani akisikia neno la mama yako anauliza mtumbwi gani.

Sasa rudia na wewe. "Mwambie Polikarp ulilewa." Mama alikuwa anazungumza na nani? Na wewe. Mimi sikuwepo, nilikuwa Namanyere nimefungwa mguu. Angekuwa ananisema mimi, angesema mwambie alilewa. Wewe umesoma mpaka kidato cha nne, hukuliona hilo? Alisema ulilewa. Ule mtumbwi. Mtumbwi ulilewa, Marsiana! Na kile kiganja si cha kukata tamaa. Kila mtoto wa Kipili anakijua. Kiganja kikigeuka hivi na hivi ndiyo mtumbwi unavyoyumba kabla ya kupinduka. Alikuonyesha kwa mdomo, alipoona huelewi akakuonyesha kwa mkono. Na katika barua yangu ya kwanza kabisa nilikuandikia neno hilo hilo kuhusu mtumbwi wa Shedrack. Ulilicheka.

Mama hakunihukumu. Alitumia pumzi yake ya mwisho kuniondolea lawama, akakupa wewe uniletee, ukaligeuza njiani likawa kisu. Siku ya mazishi hukusema ulilewa. Ulisema, "Mama amesema ulikuwa umelewa." Ungelisema kama lilivyo, ningelielewa palepale kando ya kaburi, kwa magongo yangu mawili, na ningemlilia mama yangu kama watu wengine wanavyolilia mama zao.

Badala yake miaka miwili nimelala nikijua mama alikufa akiniona mlevi. Na mwezi uliopita nilikubali. Nilikubali kwa sababu ya plastiki ya inchi thelathini na sita. Nilijiuza, na wewe ukaniuza mara ya pili, uani kwa mama mkubwa, na watu wakaitikia amina.

Ulisema umenirudisha nyumbani. Umenirudisha nikiwa nani?

Polikarp


Sumbawanga,
1 Septemba 2024

Kaka yangu Polikarp,

Shikamoo.

Nimekupigia simu hupokei. Anjela akikupigia unapokea, akinipa mimi simu unakata. Sina haki ya kulalamika, kiapo ni changu. Lakini kaka, sasa ninaitaka sauti yako, hata ya kunitukana.

Barua yako ilipofika sikuamini. Nilitaka uwe umekosea, Mungu anisamehe, maana wewe ukiwa sahihi mimi ni nani? Nikaenda sokoni kwa wale akina mama wa dagaa wanaotoka Kirando. Kuna mmoja anaitwa Redempta, tunajuana kwa kununua ndoo. Sikumweleza kitu. Nilimwuliza tu, "Mtumbwi ukiwa unataka kupinduka, huko kwenu mnasemaje?" Akasema, "Umelewa." Na bila mimi kumwomba, kaka, akanyoosha kiganja chake akakigeuza hivi na hivi. Kiganja cha mama. Nilikaa chini sokoni, watu wakadhani nimeanguka kifafa.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Mollo. Nikawaita baba mdogo Zenon na mama mkubwa na wote walioweza kuja. Nikasimama palepale niliposimama siku ile. Nikawaeleza neno kwa neno, na kiganja nikawaonyesha. Nikasema kaka yangu hakulewa, ni mtumbwi, mimi ndiye sikusikia vizuri, na ile barua niliilazimisha.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Marsiana, ile barua ilikuwa ya mkono wake?" Nikasema ndiyo. "Alishikiwa panga?" Nikasema hapana, lakini nilimshikia kayaki. Wakacheka, kaka. Walidhani natania. Akasema, "Mtu amejitaja mwenyewe, wewe dada yake umeona haya sasa unamfunika. Ni vizuri, ndugu ndivyo walivyo. Lakini la marehemu limekwisha, tusimchezee." Mama mkubwa akanishika mkono akasema nipumzike, nimekonda. Hakuna aliyeniamini. Miaka miwili niliwaambia uongo hawakuuamini mpaka ulipouandika wewe, na sasa nawaambia kweli hawaitaki kwa sababu uliandika wewe.

Baba mdogo anasema kama una la kusema, uje Mollo mwenyewe, upige magoti mbele ya wazee, useme. Nitakulipia gari mpaka mlangoni. Njoo, kaka. Nitakaa kando yako.

Kayaki najua ilifika. Evans aliniambia uliipokea.

Nisamehe. Nimeliandika hilo neno kwa shida, si kwa sababu silitaki, ila naliona dogo.

Dada yako,
Marsiana


Kipili,
15 Septemba 2024

Marsiana,

Simu zako nimeziona. Siwezi kuzipokea. Uliapa mbele ya kaburi la mama, na mimi sitaki awe na mtoto mwingine aliyesema uongo.

Mollo siji. Mwambie baba mdogo kwamba goti moja halikunjiki, na la pili halitaki.

Kayaki ni nzuri. Ulichagua vizuri, hilo siwezi kukunyima. Upana ni kamili, mapaja yale mawili yanakaa juu ya maji kama ng'ombe aliyelala. Mkanda wa kujivutia ndio unaonisimamisha kila asubuhi. Magurudumu Shedrack amenitolea kwenye toroli bovu la hotelini. Siku ziwa lilipofunguliwa nilitoka mbele ya vijana wote nimesimama, wakapiga miluzi, na Ngeleja akavua kofia. Ninapata kuhe, samaki wakubwa, naweza kuwaona chini kwa sababu nimesimama. Mawimbi ya boti kubwa yananipiga ubavuni palepale kwenye mawe, nami nabaki wima. Hapo ndipo huwa namkumbuka mama, kwamba angekuwa amekaa mbele na kikapu chake, angefika kwenye kipaimara.

Vyombo vyote hapa vina majina. Nami nimekipa changu. Nimeandika ubavuni, juu ya ule mkwaruzo, kwa rangi nyeupe na herufi kubwa: ULILEWA. Wageni wakishuka kwenye basi wanasoma, wananitazama, wanacheka chini chini, kumbe mzee mwenyewe ni mlevi na hafichi. Wavuvi wanasoma wanashangaa, mbona hiki ndicho chombo pekee kisicholewa mwaloni hapa? Nawaambia si hiki. Ni ule.

Watu wa Mollo wamekwisha kusoma kwa namna yao na wataendelea hivyo mpaka nife. Siwezi kumfuata kila mmoja na kiganja. Basi neno la mama nimeliweka ziwani, ambako linasomeka.

Evans anakuletea kuhe wawili wakavu. Mmoja ni wa Anjela. Wa pili ni wako, ni deni la kikapu kile, mama alitaka ule samaki.

Shikamoo yako nimeipata. Sijaiitikia. Njoo Kipili siku moja, ushuke mpaka ufukweni, usimame mbele ya kayaki yangu uisome kwa sauti, jinsi mama alivyoisema. Ukiisoma vizuri nitakuambia marahaba.

Polikarp